Nguo Isiyokunjwa

Nyuma ya mlango wa chumba changu, hapa Mafiga, ananing'inia mtu mweusi asiye na kichwa, viganja wala nyayo. Huja mwisho wa Machi, mvua za masika zikianza kushuka kutoka Uluguru, na huondoka Juni. Mtoto wa jirani aliwahi kutumwa humo kuchukua chaja. Alirudi mbio bila chaja na akakataa kusema alichokiona. Mama yangu yeye ameshamzoea. Akipita na ufagio asubuhi anamwambia, "Umeamkaje, baba?" halafu anaendelea na kazi yake.

Ni suti ya kuzamia, ya kaka yangu. Kule Mafia anakofanya kazi wanaiita wetisuti. Nyumbani kwetu haijawahi kupata jina moja: mama anaiita "ile ngozi", mimi naiita suti, na mpangaji wetu wa chumba cha uani, kijana wa bodaboda, anaiita "ninja".

Mlionizoea kwa habari za vitabu mnisamehe leo. Nataka kuandika namna ya kutunza suti ya kuzamia msimu wa kazi ukiisha, kwa sababu kuna mwaka niliambiwa namna hiyo na sikusikiliza.

Nianze na kaka. Kaka ni mzamiaji, na neno hilo limetuletea maneno mtaani. Kwetu huku bara, ukisema fulani kazamia, watu wanaelewa amejificha kwenye meli kwenda Sauzi au Ugiriki, au ameingia kwenye harusi bila kadi. Mzee mmoja jirani alipomuuliza mama kijana wake mkubwa yuko wapi, mama akajibu kwa fahari kwamba siku hizi ni mzamiaji. Mzee akasikitika kabisa.

"Pole sana, mama. Kwa hiyo yuko Sauzi?"

"Hapana, yuko Mafia."

"Eh! Amezamia halafu akaishia Mafia tu?"

Ukweli ni kwamba hakuna aliyetegemea. Sisi ni watu wa milimani. Babu zetu walilima kwenye miteremko ya Uluguru, na maji tuliyoyajua utotoni ni ya Mto Morogoro, ambayo mahali pengi ukisimama yanakufika magotini. Bwawa la Mindu tulikatazwa hata kulikaribia. Kaka alikwenda Mafia kama msaidizi wa jikoni katika hoteli moja pale Utende. Kutoka jikoni akahamia kubeba mitungi ya hewa ya wageni, na kutoka kwenye mitungi akaanza kufundishwa. Leo anaongoza wageni chini ya maji ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ile iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini. Anayajua matumbawe ya Ghuba ya Chole kama mimi ninavyoijua njia ya Msamvu.

Kazi yake ina msimu. Kuanzia Oktoba, bahari ikitulia na papa potwe wakianza kuonekana upande wa Kilindoni, hapumziki. Aprili na Mei masika yanapiga, upepo wa kusi unaingia, bahari inachafuka, na hoteli nyingi zinafunga. Hapo anapanda boti hadi Nyamisati, anachukua gari hadi Dar, kisha anakuja nyumbani. Suti anakuja nayo. Vyumba vya wafanyakazi vinavuja, anasema, na hewa ya chumvi haimwachi mtu wala kitu.

Mtu atauliza, Mafia kuna joto, suti ya nini? Hata mimi niliuliza. Maji ya kule mara nyingi yana nyuzi kati ya 25 na 30, unaweza kuyaoga bila kupiga kelele. Lakini maji hunyang'anya mwili joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Dakika kumi unaona raha. Ukikaa saa nzima, ukatoka, ukarudi tena mara ya pili na ya tatu siku hiyohiyo, unaanza kutetemeka kama uko Mgeta usiku wa Julai. Na mzamiaji aliyepoa ni hatari. Hewa yake inaisha haraka, vidole havimtii, akili inakuwa nzito. Akiwa ndiye kiongozi, hatari hiyo si yake peke yake.

Sasa nirudi kwenye kosa langu.

Machi 2020 wageni waliondoka Mafia kwa haraka, wengine kabla ya siku zao. Mwezi uliofuata ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa nchini. Anga lilifunguliwa tena Mei 18, lakini wageni hawarudi kwa amri. Hoteli ya kaka ilifunga mlango na kuwaambia wafanyakazi watapigiwa simu. Kaka hakuja nyumbani mwaka ule. Alibaki Dar, akawa anabeba mizigo Kariakoo, na begi lake akalituma kwa basi. Nililipokea Msamvu jioni, nikamlipa konda, nikarudi nalo kwa bodaboda. Lilikuwa zito, limelowa chini, linanuka bahari na kitu kingine ambacho baadaye kaka alinieleza bila aibu kwamba ni mkojo. Wazamiaji wote, anasema, wako makundi mawili: wanaokojoa ndani ya suti na wanaodanganya.

Usiku ule ikaingia voisi yake ya WhatsApp. Dakika saba na sekunde kumi na mbili. Jamani, nani anasikiliza voisi ya dakika saba? Nilibonyeza, nikasikia salamu, "dogo, shikamoo mpe mama", nikasikia "hiyo suti usii...", nikasema moyoni nitaisikiliza kesho nikitulia. Kesho yake mama alikuwa ameshalifungua begi.

Mama yangu anajua kutunza nguo. Naomba lieleweke, maana hapa ndipo watu hucheka na mimi sicheki. Ana tranka la bati alilolipata kabla sijazaliwa, na ndani yake mna khanga ambazo rangi zake bado zinawaka. Siri yake ni moja: fua, anika juani mpaka ikauke kabisa, kunja vizuri, panga, weka naftalini, funga. Kwa mama, kukunja ni heshima. Nguo iliyotupwa kitini ni ya mtu asiye na kwao. Akiikunja nguo yako, amekuweka wewe mwenyewe mahali pazuri.

Kwa hiyo aliifua ile suti kwa sabuni ya unga, akaisugua kwa brashi, akaianika juu ya kamba kwenye jua kali siku tatu mfululizo ili ile harufu ife. Ilipokauka akaikunja mara nne, mikono ndani, miguu juu, akaiweka chini kabisa ya tranka, na khanga zote juu yake. Nilimwona. Nilikuwa nimekaa kibarazani na kitabu mkononi. Hata nikamsifia: "Mama, imekaa kama mpya."

Ilikaa humo miezi sita.

Oktoba hoteli ikapiga simu. Kaka akapitia nyumbani siku moja kuchukua suti. Mama akaitoa kwenye tranka kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa mahari. Kaka akaikunjua kitandani. Hakusema kitu. Alipitisha kidole kifuani, penye mstari mrefu kutoka kwapa hadi kwapa, kisha tumboni, kisha magotini. Mistari ilikuwa imezama kama njia ya ng'ombe. Kwenye mikono, mpira ulikuwa umekakamaa, na alipouvuta ukaonyesha nyufa ndogondogo kama udongo wa kiangazi.

Mama naye aliiona mistari. "Hiyo isikusumbue," akasema, "nipe dakika mbili," akatoka kwenda kuwasha pasi ya mkaa.

Kaka alimfuata hadi jikoni. Nilimsikia akisema taratibu, "Mama, hii haipigwi pasi. Acha tu. Iko sawa."

Haikuwa sawa. Kilichotokea ndani ya ule mpira nilikuja kukielewa baadaye. Suti ya kuzamia haitunzi joto kwa unene wake tu. Imetengenezwa kwa neopreni, mpira wa kiwandani uliovumbuliwa na wanakemia wa DuPont nchini Marekani mwaka 1930, na mpira huo umejazwa viputo vidogo vya gesi, kama sponji ambayo vijumba vyake vyote vimezibwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanafizikia Hugh Bradner, wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, ndiye aliyeona kwamba mzamiaji si lazima abaki mkavu ili asipoe. Maji kidogo yanaweza kuingia kati ya ngozi na suti, mwili ukayapasha, na vile viputo vikazuia joto lisitoke. Anayekupa joto ni ile gesi. Ukishuka mita kumi, mgandamizo unakuwa mara mbili ya ule wa juu na viputo vinasinyaa hadi nusu. Ukipanda vinarudi. Lakini ukiikunja suti na kuilalia miezi sita, viputo vya kwenye mkunjo vinabanwa mpaka vinasahau kurudi. Panabaki mstari mwembamba usio na gesi, na baridi inaingilia hapo. Jua nalo linaukausha na kuupasua mpira. Kila alichofanya mama kwa mapenzi, ndicho hasa kisichotakiwa.

Kaka aliivaa hivyohivyo msimu mzima. Suti mpya si kitu cha kununua siku moja, na za mtumba za saizi yake, ndefu na nyembamba, hazipatikani kirahisi. Alipaka gundi kwenye nyufa na akavaa fulana ndani. Baadaye sana ndipo aliponisimulia siku moja ya Januari 2021, alipozama mara ya tatu na wageni wanne. Baridi ilimshika kifuani, kwenye ule mstari, "kama mtu ameniwekea kisu kilalo". Akaanza kutetemeka. Alijaribu kushika kamba ya boya, vidole havikufunga. Aliwaonyesha wageni ishara ya kupanda kabla ya muda, wakapanda, na mmoja akalalamika kwamba hakupata thamani ya hela yake. Hakuna kilichotokea. Kaka alisema hivyo mara mbili, "hakuna kilichotokea", na mimi nikawa natazama vidole vyake.

Machi ile ile, kabla hajaja likizo, nilikaa kibarazani nikaitafuta ile voisi. Ilikuwa bado ipo, na ile alama ya kuonyesha nimeishia sekunde ya tisa. Nikaisikiliza yote.

"Hiyo suti usiianike juani. Kwanza iloweke kwenye beseni la maji baridi ya bomba, yasiyo ya moto, nusu saa. Chumvi itoke. Sabuni weka ile laini ya kuogea, kidogo. Ya unga hapana, Jik usithubutu. Igeuze ndani nje, suuza tena. Zipu ifungue na kuifunga ndani ya maji, mchanga utoke. Halafu itundike kivulini ikiwa imegeuzwa hivyohivyo. Upande wa ndani ukikauka, igeuze, ukauke na wa nje. Masika hiyo kazi ni siku mbili au tatu, usiwe na haraka. Isipokauka vizuri itaota ukungu.

"Ikikauka, zipu ipake mshumaa. Mafuta ya mgando hapana, yanakusanya vumbi. Usiikunje. Narudia, dogo, usiikunje. Tafuta henga nene. Ile ya waya itaikata mabega. Kama hakuna, ilaze uvunguni imenyooka na usiweke kitu juu. Usiifunge kwenye mfuko wa nailoni, inataka hewa. Usiiweke sebuleni anapolaza pikipiki, petroli si rafiki wa mpira. Na panya, angalia panya."

Kufikia hapo ni dakika ya tano. Halafu sauti ikashuka, kama mtu aliyegeuka kuangalia nani yuko karibu.

"Kitu kingine, usimwambie mama. Hela ya miezi miwili sijapewa. Wamesema hawana, wakanipa hiyo suti, ndiyo tumemalizana. Kwa hiyo usiione nguo. Huo ndio mshahara wangu wa Februari na Machi. Nikirudi kazini nitakuwa na cha kuvaa, sitaazima. Haya. Msalimie mama."

Sitasema mengi kuhusu nilivyojisikia. Nilikuwa mtu wa kusoma. Nilikuwa najivunia kwamba nasoma hadi ukurasa wa mwisho hata kitabu kikiwa kibaya, eti ni heshima kwa aliyeandika. Na ndugu yangu wa tumbo moja aliniambia maneno ya dakika saba, nikampa sekunde tisa.

Tangu mwaka ule suti haijakunjwa tena. Ile ya kwanza ilikufa. Kaka alijichangachanga akanunua nyingine kwa mgeni aliyekuwa anaondoka, ya milimita tatu, na ndiyo hii iliyo nyuma ya mlango wangu. Nimejifunza masika yake kama mtu anavyojifunza dawa za mgonjwa. Maji ya kuisuuza ni ya bomba, yale yanayotoka Mindu na kusafishwa hapa hapa Mafiga. Nailoweka mimi, naisuuza mimi. Kuna wiki ambapo wingu linashuka toka mlimani saa nne asubuhi na haliondoki mpaka kesho yake, na kila kitu kinakuwa na unyevu, mpaka kurasa za vitabu zinajikunja. Wiki hizo nafungua dirisha kila kijua kinapochungulia, naipapasa suti kwapani na magotini, halafu nageukia rafu na kuvipapasa vitabu. Ukungu ukianza kwenye kimoja, haukawii kwenye kingine.

Panya nao tunapambana nao. Watu wa mbali wanajua Morogoro kwa panya waliosoma, wale panya buku wanaofunzwa na APOPO pale Chuo cha Sokoine kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mwaka uleule wa 2020 mmoja wao, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza kwa mabomu aliyoyagundua Kambodia. Panya wa nyumbani kwetu hawajasoma. Wanakula mpira, wanakula sabuni, wamewahi kula jalada la kamusi. Ndiyo maana suti inaning'inia, na haigusi ukuta.

Kuhusu henga, mwanzo nilitumia ya mbao ya dukani, ikawa nyembamba, mabega yakaanza kutoa pembe. Mpangaji wetu akaniletea mwanzi mnene kutoka mlimani, fundi akaukata sawa na upana wa mabega na kutia ndoano juu. Ila mwanzi mtupu ni mgumu, unachuna.

Kaka alimwambia mama mwenyewe habari za ule mshahara, mwaka 2022, jioni moja wakichambua mchele. Nilikuwepo. Mama hakuuliza hoteli gani wala kiasi gani. Alimaliza ungo wake, akanyanyuka, akaingia ndani. Tukasikia tranka linafunguliwa. Alitoka na khanga moja, ile nyekundu ya zamani ambayo sijawahi kumwona akiivaa ila kwenye misiba mikubwa na harusi za watu wa karibu. Akakaa chini, akaichana katikati. Mama yangu, ambaye hachani hata kitambaa cha kufutia meza. Akauzungushia ule mwanzi, bega hili na bega lile, akakaza, akashona kwa mkono.

"Lete hiyo ngozi," akasema.

Akaitundika, akaivuta kidogo chini ikanyooka, akarudi nyuma kuitazama.

"Sasa kama haikunjwi," akamwambia kaka, "si ungenipigia simu mimi?"

Kaka amefika juzi, na mvua. Amelala hadi saa tano mchana, kama afanyavyo kila mwaka siku za kwanza, na mwaka huu hakuna aliyemgongea mlango kumwambia aamke akatafute kazi ya maana. Begi lilikuwa uani. Nilipotoka na beseni nilikuta mama ameshakaa kwenye kigoda, suti iko majini, mkono wake umezama hadi kwenye kiwiko, anaifungua na kuifunga zipu taratibu ili mchanga utoke.